Kibaba cha Mwanapili

Bi Siti binti Ngwali alikuwa mwalimu mkuu wa skuli ya wanawake, ile ya mabati iliyokuwa njia ya kwendea Vitongoji, na watu wa huko hawajaisha kumsimulia. Wasema sauti yake ilikuwa kali hata akimwita mtoto wa mstari wa nyuma, mbuzi wa mtaa wa pili hukata kamba akaja kusimama mlangoni, akidhani kaitwa yeye. Wasema buibui lake alilipiga pasi likawa gumu, akilivua husimama lenyewe pembeni likamngoja. Hilo la buibui huenda lina chumvi. La mbuzi ni kweli.

Lakini lililo kweli zaidi, na ambalo Bi Siti alidhani watu wamekwisha kulisahau, ni kwamba mama yake alikuwa mchambuaji karafuu. Msimu ukiingia, mama huyo alishinda majamvini kwa watu, akitenga karafuu na makonyo, yaani vikonyo vyake, vidole vimemkauka vyeusi, na harufu haimtoki hata akijifukiza udi siku ya Idi. Siti alipopelekwa Unguja kusomea ualimu, aliivua harufu ile kama mtu avuavyo nguo ya jikoni. Akarudi Pemba na Kiswahili cha ofisini na shingo iliyonyooka, wala hakutaka kukumbushwa.

Sasa, kikao cha kuchambulia karafuu kina ada yake. Apitaye karibu nacho, awe shehe awe mvuvi, hukaa kitako, akachambua konzi moja, ndipo akaaga. Na aliyefanya kioja mtaani huimbiwa hapo hapo, kwa jina lake, mbele ya uso wake, naye ndiye aitikiaye. Akishaitikia, basi. Jambo limekwisha, hakuna wa kulirudia kisimani wala harusini.

Bi Siti hakukaa. Akifika usawa wa uwa wa Bi Mwatum, penye kikao kikubwa kuliko vyote, huvuka upande wa pili wa njia na kuuinamisha mwavuli upande wa majamvi, jua likitoka upande mwingine kabisa.

Mwaka wa kisa hiki siasa ndiyo kwanza zinaanza kuchemka, na karafuu zilizaa hata kuku, wasema, walitaga mayai yenye harufu yake. Watoto walifuata mama zao majamvini. Madarasani walibaki wachache, na popo darini.

Asubuhi moja mwalimu mpya, Mwanapili binti Shaame, msichana mwembamba aliyeletwa kutoka Wingwi, akaingia na pakacha kichwani. Alipolitua likalia ng'wa ng'wa. Ndani mlikuwa na vyombo vya kupimia: pishi ya mbao, kisaga, na vibaba vya bati.

"Nini hivyo, Mwalimu?" akauliza Bi Siti. "Wahama?"

"La, Bi Mkubwa. Ni hisabu ya sehemu. Kwa ubao watoto hawanielewi, nikawaza…"

"Ukawaza."

"Naam. Vibaba vinne vyajaza pishi, basi kibaba ni robo. Viwili ni kisaga, nayo ndiyo nusu. Vitu hivi wanavyo majumbani mwao. Na ukiniruhusu, Bi, wale walioko majamvini niwafuate huko huko. Mikono ichambue, vichwa visome."

Bi Siti akakitazama kibaba kimoja kilichokuwa juu ya vingine. Kilikuwa na bonde ubavuni, kama cha mama yake. Akasikia kitu kikimpanda kifuani, na kabla hakijafika usoni akacheka, tena kwa sauti ile ya mbuzi.

"Nyie wa Wingwi mlisomea baina ya miguu ya ng'ombe, eti? Hapa ni skuli, mwanangu. Skuli ni kuta nne na ubao. Hivi vipeleke dukani kwa Manubhai akapimie mchele!"

Watoto wakacheka kwa kuwa mkubwa kacheka. Mwanapili naye akacheka, uso umemwiva kama pilipili. Bi Siti akalichukua pakacha, akalitia kabatini, akageuza ufunguo.

Mwanapili hakubisha. Lakini alasiri, skuli ikishafungwa, akenda uwani kwa Bi Mwatum, akaazima kibaba, akakaa kitako. Bi Mwatum alikuwa bibi mfupi mwenye mdomo wa moto na sauti ya kuongoza nyimbo. Wasema akiimba pwani, pweza hujipiga mwenyewe mwambani mpaka akalainika. Akamsogezea mgeni kipande cha jamvi.

Basi ikawa kila alasiri, huku karafuu zadondoka, huku Mwanapili auliza: "Haya, pishi imetoka kisaga na kibaba. Kumebaki nini?"

"Kibaba, Mwalimu!" wakapokea watoto, na mama zao nyuma yao.

"Na mumeo akila nusu ya kibaba?" akadakia Bi Mwatum.

"Kumebaki njaa!" wakaangua kicheko.

Bi Siti aliyasikia yote chini ya mwavuli wake. Hakukataza, wala hakuruhusu. Alijisemea moyoni: likiharibika ni la Mwanapili.

Karafuu zilipoanza kupungua na watoto kurudi madarasani, akaja mkaguzi kutoka Unguja, Bwana Soud, mtu mrefu aliyepitia skuli nyingi na kuchoka nazo zote. Akasimama mbele ya darasa, akamnyooshea kidole Mwanakhamis, mtoto ambaye zamani hata jina lake akiulizwa hutazama dari.

"Nusu ukitoa robo?"

Mwanakhamis akafumba macho. Mikono yake ikafanya kama imiminayo kitu. "Robo, Bwana."

"Na nusu ya robo?"

Akamimina tena, kidogo. "Thumni, Bwana."

Mkaguzi akauliza wa pili, wa tatu, na kila mmoja akafumba macho, akamimina, akajibu. Akavua tarbushi, akajipepea.

"Huko kote nilikotoka watoto waimba sehemu kama kasuku. Hawa nani kawafundisha hivi?"

"Tumejifunza majamvini, Bwana," akasema Mwanakhamis. "Kwa vibaba."

"Majamvini!" Mkaguzi akamgeukia Bi Siti. "Hii fikra ya nani?"

Mwanapili alikuwa mlangoni, kitambaa cha ubao mkononi. Bi Siti akafungua kinywa kusema jina lake. Walioshuhudia waapa kwamba jina lilikwisha kufika ulimini. Likatoka jingine.

"Yangu, Bwana. Niliona watoto wapotea msimu hadi msimu, nikasema tuwafuate. Mikono ichambue, vichwa visome."

Hata maneno aliyatwaa.

Mwanapili alimtazama mara moja tu. Kisha akaenda ubaoni, akaufuta, na ubao wenyewe haukuwa na kitu.

Mkaguzi akampa mkono wa pongezi Bi Siti. Akamwambia wiki ijayo walimu wakuu wa Pemba watakusanyika mjini Chake, ukumbi wa Madungu, na yeye Bi Siti ndiye atakayesimama kuwaonyesha.

Tangu saa ile chakula kikawa mchanga kinywani mwake. Watoto walisimama kumwamkia kama desturi, "Shikamoo, Bi Mkubwa," lakini hakuna aliyenyanyua macho, wakaamkia viatu. Mwanapili alifundisha, akafunga daftari, akaaga kwa adabu ile ile ya siku zote. Adabu hiyo ilimchoma Bi Siti kuliko tusi.

Akangoja wimbo. Alijua Mwanakhamis na wenzake wamekwisha kusema, na alijua kinywa cha Bi Mwatum. Kila alasiri akapita polepole, mwavuli kaunyanyua safari hii, uso wazi. Kikao kilikuwa kikimwimbia Mmanga wa mtaa huo huo, aliyeuza jogoo wa jirani akidhani ni wake, naye bado agoma kuitikia. Akapita kwenda, akapita kurudi. Wakamwimbia Mmanga, wakamwimbia mke wa Mmanga, wakamwimbia jogoo. Yeye, hata neno. Kila alipotokea walimjibu salamu, wakarudi kwa jogoo wao.

Siku ya nne miguu ikakataa. Akasimama mbele ya uwa.

"Bi Mwatum."

"Labeka, Mwalimu."

"Hamna la kuniimbia?"

Vidole vyote vikatulia. Bi Mwatum akakung'uta makonyo mapajani, akamtazama kwa huruma ya mtu amwonaye mwenziwe kapotea njia ya nyumbani kwake.

"Huku twaimba wa kwetu, mwanangu. Weye tokea urudi Unguja hujalikalia jamvi hili. Mgeni haimbiwi. Mgeni hufunikiwa aibu yake, akapewa maji ya kunywa, akaenda zake. Ungelikaa kitako hapa kama alivyokaa marehemu mama yako, tungekuimbia mpaka ukaomba ardhi ikumeze."

"Na Mwanapili? Amesema nini?"

"Tumemuuliza. Atwambia, 'Mie na Bi Mkubwa ni skuli moja.' Basi. Hatukupata zaidi."

Bi Siti akataka kuondoka kwa haraka, mwavuli ukamnasa buibui, akenda upande kama kaa. Hakuna aliyemcheka. Laiti wangemcheka.

Asubuhi ya kwenda Madungu alilifungua kabati mbele ya watoto wote, akatoa pakacha, akamkabidhi Mwanapili.

"Twende Chake."

"Nikubebee, Bi?"

"La, ni lako," akasema Bi Siti. "Twende tu."

Ukumbi ulijaa kanzu nyeupe na tarbushi. Bwana Soud akamtaja kwa sifa nyingi, akakaa. Bi Siti akasimama. Ile sauti ya kukata kamba za mbuzi, jamani, ikatoka nyembamba kama ya mbu ndani ya chandarua, watu wakainama kuisikiliza.

"Fikra hii si yangu. Ni ya Mwalimu Mwanapili binti Shaame, huyu hapa. Alinijia nayo, nikamcheka mbele ya watoto. Nikamfungia vyombo vyake kabatini. Iliposifiwa, nikasema yangu."

Kisha jambo likatokea ambalo Bi Siti hakulitazamia: walimu wakuu, mmoja mmoja, wakatazama chini. Huyu akachezea kitufe, yule akajikuna palipokuwa hapawashi. Ungedhani kila mmoja kakumbuka kabati lake, na alichofungia humo, na nani.

"Kaa kitako, Bibi," akasema Bwana Soud, baridi. Hakumpa mkono tena, siku ile wala siku nyingine.

Mwanapili akasimama. Akajaza kibaba cha kwanza, akakimimina ndani ya pishi, akawauliza kumebaki nini. Alipomaliza wakamzonga kwa maswali, na kabla ya kufungwa ukumbi ikawa imekwisha kukatwa shauri: atabaki Chake, awafundishe walimu.

Walirudi pamoja siku ile, Mwanapili akachukue vitu vyake.

"Bi," akasema Mwanapili njiani, "nikuulize, usinikasirikie. Siku ile ulicheka nini?"

Bi Siti akatazama mbele. "Nilikijua kibaba kabla yako. Robo na nusu sikufunzwa na chaki. Nilifunzwa na mama, mapajani mwake. Mama yangu alikuwa mchambuaji."

"Najua, Bi. Bi Mwatum alinambia wiki niliyokuja." Mwanapili akalipapasa pakacha. "Ndiyo maana nikavileta. Nilidhani utafurahi."

Bi Siti aliuteremsha mwavuli mpaka mabegani, na safari hii haukuwa wa jua wala wa majamvi.

Mwanapili akaondoka kwa gari ya kesho yake. Vibaba akaviacha, kile chenye bonde juu ya vingine.

Zilikuwa zimebaki karafuu za mwisho, zile za matawi ya juu. Alasiri Bi Siti akalifunga darasa la wakubwa, akawaambia, "Nifuateni." Akafika uwani kwa Bi Mwatum, akaukunja mwavuli, akavua viatu, na buibui lile gumu likakunjika kwa mara ya kwanza likilia kama ubao. Akakaa kitako. Watoto wakakaa nyuma yake, wakitazamana.

Akachota konzi moja, vidole vikababaika, vikasita, kisha vikakumbuka vyenyewe: karafuu huku, makonyo huku. Harufu ikampanda puani, akainama zaidi.

Bi Mwatum akakohoa. Wanawake wakanyamaza. Bi Siti akajua linalokuja, uso ukaanza kumwaka kabla ya neno la kwanza.

"Kibaba cha mwenzio, Siti, ulikipimia nini?
Kibaba cha mwenzio, Siti, we binti wa jamvini?"

Kikao kizima kikamgeukia, na watoto wake wa skuli nao. Ilikuwa haki yake aitikie. Machozi yalimdondokea juu ya karafuu, na hakuwa na pa kuuficha uso, kwani mwavuli ulikuwa mbali, penye viatu.

Akaitikia:

"Nilipimia sifa, mama, zikamwagika chini."

"Hatusikii!" akapiga kelele Bi Mwatum. "Wajukuu wangu wa nyuma hawajasikia!"

Bi Siti akafuta pua kwa kiganja chenye karafuu, akavuta pumzi, akaimba tena kwa sauti yake yote. Na kabla wimbo haujaisha, mbuzi wa mtaa wa pili alikuwa keshasimama mlangoni mwa uwa, kipande cha kamba shingoni, akitazama nani kamwita.