Kidole Changu Hakisomi

Binti aliyekuja kuuza ulinzi wa majina alinikuta mezani kwangu soko la samaki la Mwaloni napara sato, magamba hadi kwenye nyusi. Akasema shikamoo mama, nikaitikia marahaba, akasubiri nimalize samaki aliyekuwa mkononi. Naandika hilo kwanza kwa sababu alikuwa na adabu, na baadaye nilimjibu vibaya.

Alichouza ni hiki. Unalipa kila mwezi, bei kama ya sato wawili wa wastani, na kampuni yao inakuangalizia. Mtu akisajili laini ya simu kwa namba ya kitambulisho chako, unaletewa meseji kwamba jina lako linatumika, wewe ukimbie kuzuia. Nikamwambia mimi nilishaletewa habari hiyo na waombolezaji.

Mimi ni katibu wa kikundi chetu cha kufa na kuzikana hapa Kirumba. Nimeishia darasa la saba, lakini mwandiko wangu unasomeka na simu yangu haizimwi, nadhani ndiyo maana walinichagua. Mwanachama akifiwa natuma meseji kwa wote, nao wanatuma rambirambi kwenye namba yangu. Wiki mbili kabla ya yule binti, wenzangu walipata meseji kutoka namba ngeni: ni mimi katibu, simu yangu imeharibika, mama mkwe amefariki Magu, tumeni kwa namba hii. Si wajinga. Kila mmoja ameshatumiwa zile za matapeli za "ile hela tuma humu" na kuzifuta. Kabla ya kutuma waliangalia jina linalotokea. Likatokea langu, yote matatu, mpaka la babu. Wakatuma.

Mimi nilijua pale wanawake wawili walipoingia uani kwangu na unga, kanga zimefungwa kiunoni, mmoja ameshaanza kulia. Nilikuwa nafua. Nikadhani wao wamepata habari kabla yangu, nikaketi chini nikalia nao. Tumelia vizuri tu, ndipo nikapata akili ya kupiga simu Magu. Simu ikapokelewa na marehemu.

"Mama, tumesikia umekufa."

"Nitakufaje na mpunga bado uko juani?" akasema. "Nani kasema?"

"Inasemekana ni mimi."

Duka la kampuni ya simu waliangalia kitambulisho changu wakakuta laini tatu. Moja yangu, moja nilimsajilia binti yangu alipokuwa hana kitambulisho, ya tatu siijui. Wakaifunga hapohapo bila malipo. Kijana wa kaunta akaniuliza wakati wa kusajili nilibonyeza kidole mara ngapi. Nikasema saba. Akatikisa kichwa. "Wengine wanakwambia haijasoma, mama, kumbe imesoma zamani. Ile ya pili wanasajilia laini yao."

Nikamkumbuka mwanamume wa mwavuli aliyenisajilia laini karibu na lango la soko. Haijasoma mama, rudia. Futa kidole, rudia. Jeuri ikanipanda, nikamfuata. Lakini njiani nikajitazama mikono. Miaka yote ya magamba na chumvi imevilainisha vidole vyangu kama kipande cha sabuni kilichobaki bafuni. Hata benki hawanisomi. Huenda kweli mara sita haikusoma. Nilipofika akanisalimia vizuri, nikamwitikia, nikapita. Mpaka leo sijui kama nilimpita mwizi au mtu anayefanya kazi yake.

Na kuna jambo nisilopenda kuliandika. Huyo tapeli alijuaje namba za wanachama, na kwamba nina mkwe Magu? Nilimwambia mimi. Niliandika orodha ya kikundi kwa mkono wangu, kila jina na namba ya simu, na mbele yake wategemezi wanaozikwa na kikundi: baba, mama, wakwe, na wanakoishi. Nikaibandika ukutani sokoni ili asije mtu kudai alisahauliwa. Nilipiga hadi mistari ya rula.

Kwenye kikao mwenyekiti aliongea taratibu, na huwa haongei taratibu. "Katibu, hatusemi umekula. Tunasema jina lako limeingiliwa. Lipia ule ulinzi wa majina wanaouza sokoni, au daftari lishikwe na mwingine."

"Limeingiliwa kama ghala la dagaa," akasema mmoja nyuma, wakacheka.

Wakanipa hadi kikao kinachofuata. Nilirudi nyumbani nimenuna, nikawa nazitafuta kasoro za mwenyekiti moja moja. Halafu nikakumbuka yeye alituma mara mbili ya wenzake, kwa sababu mama mkwe aliwahi kumuuguza mwanawe. Kasoro zikaniishia.

Kwa hiyo binti alipokuja mezani nilikuwa tayari kulipa. Daftari lile ni cheo changu pekee, sijawahi kuwa na kingine. Nikamuuliza swali moja tu.

"Ikitokea tena, kampuni yenu itawaambia wenzangu kwamba si mimi?"

"Hapana mama, inakuambia wewe."

"Mimi si najua kwamba si mimi?"

Akacheka, nami nikacheka kidogo. Akasema angalau nitajua mapema, na kweli, hilo si dogo. Nikanawa mikono. Akaandika namba ya kitambulisho, akanipiga picha ya uso, akatoa kifaa. Nikaweka kidole.

"Haijasoma, mama. Rudia."

Nikarudia.

"Rudia tena, kandamiza."

Nikakitoa. Nikasema kwa sauti, hadi meza za jirani wakasikia, waende wakaibe kwingine. Binti alikifuta kile kifaa magamba kwa kitambaa chake mwenyewe, akasema samahani mama, akaondoka. Siku tatu nilimtafuta nimwombe radhi, sikumwona. Na uso wangu na namba yangu alikwenda navyo.

Kikao kikafika sijalipa. Mama mkwe alikuja na basi la asubuhi kutoka Magu, bila kuitwa, amevaa gauni la jumuiya ya kanisani. "Nimekuja nionekane," akasema. Akazunguka akimsalimia kila mmoja kwa Kisukuma, mwangaluka, akimshika mkono kwa muda mrefu ili asije mtu akasema hakumgusa. Kisha akasimama.

"Huyu hakuniua. Na nikifa kweli, atakayenitangaza ni huyu. Akinitangaza mwingine, mimi sifi."

Watu wakapiga vigelegele. Mwenyekiti naye alipiga. Walipotulia akasema, "Tumekusikia, mama, na tumefurahi. Katibu, umelipia?"

Nikasema sijalipia, na kwa nini. Sikueleza vizuri, nilichanganya kidole na orodha. Nikalisukuma daftari katikati ya meza. Hakuna aliyelirudisha. Akapewa jirani yangu muuza mkaa, mwandiko wake ni kama kuku amepita, lakini ni mkweli. Nikamsindikiza mama mkwe stendi. Huko akasema alikuwa amevaa viatu vinavyombana kwa ajili ya hao watu.

Juzi mchana simu yangu ikalia meseji: mwanachama wetu kafiwa na kaka yake Misungwi, tumeni rambirambi. Namba ilikuwa ya muuza mkaa, ninayo tangu zamani. Jina likatokea lake, yote matatu. Nilikaa nimeishika simu, nikajionea aibu kabla hata sijafanya. Kisha nikampigia.

"Samahani jirani. Ni wewe kweli?"

Akavuta pumzi. "Wewe ni wa kumi na nne," akasema. "Ni mimi. Nifanyeje sasa, nije nikuwekee kidole?"