Chupa ya Haluli

Watu walimwita Mizani, na jina likamkaa kama kofia ya kushonewa. Alikuwa mfamasia wa duka la kona, mwanamke mwembamba asiyemimina kitu bila kukipima, hata maziwa ya chai. Katika ukoo wetu, waliojaliwa sura hawakusoma, na waliosoma wasiulizwe habari za sura. Mizani alipewa akili na pua ndefu, akashukuru.

Kazi alifunzwa na mzee mmoja mkali kama siki. Mzee huyo alikuwa na sheria moja iliyozipita zote: lebo isomwe mara tatu. Unapoichukua chupa, unapopima, na unapoirudisha rafuni. "Lebo ni kiapo," alizoea kusema. "Chupa isiyo na lebo, mwaga. Yenye lebo ya uongo, hiyo ni bunduki." Mizani akaishika sheria hiyo miaka na miaka, mpaka vita vikaja.

Vilipoingia mjini, hospitali ilipigwa mapema, na wagonjwa wote wakahamia dukani kwake. Madirisha yalizibwa kwa mbao, mchana ukawa na sura ya magharibi. Chupa zilishushwa kutoka rafu za juu zikapangwa sakafuni, maana kila kishindo kilizichezesha kama meno ya kizee. Halafu dawa zikaanza kuisha. Mizani alichana mashuka yake akayachemsha yawe bendeji. Alisaga makaa kwa ajili ya wenye kuhara. Vidonge alivikata kwa wembe, mgonjwa mmoja nusu, mwingine robo, na mwingine akapewa pole. Mwanzoni alikuwa akimaliza kazi analia. Baadaye akaona halii, akadhani amezoea.

Kitu kimoja tu kilikuwa bado kinamgusa: mama yake. Mama aliishi ghorofani, juu ya duka. Moyo wake ulikuwa umechoka, na bila matone yake ya dawa miguu ilivimba, pumzi ikawa ya kukopa. Chupa ya matone ilibaki moja. Ni dawa isiyo na mzaha hiyo: ukipunguza haisaidii, ukizidisha inausimamisha moyo wenyewe. Ila kwa mkono wa Mizani, chupa ile ingeweza kumvusha mama mpaka vita viishe.

Wanajeshi wa upande huu walikuja wakachukua walichotaka. Wa upande ule wakaja wakachukua kilichosahauliwa. Aliposikia wanarudi tena, Mizani aliibandua lebo ya matone ya mama yake akabandika nyingine: HALULI. Nani ataiba dawa ya kuharisha katika mji wenye njaa?

Kweli, mwanajeshi mmoja aliiokota, akasoma, akacheka. "Hii inawafaa wakubwa wetu," akasema, "ndio wanaokula." Akairudisha palepale.

Mumewe hakuambiwa. Alikuwa fundi saa, mtu mwema, tena mpole, lakini kinywa chake hakikuwa na mlango. Siri ukimpa asubuhi, mchana unauziwa sokoni.

Siku moja Mizani alitoka kwenda kumfunga kidonda mtu wa mtaa wa pili. Aliporudi alimkuta mumewe nyuma ya kaunta, kifua mbele kama jogoo.

"Leo nimekushikia duka, mke wangu. Nimetibu mtu."

"Nani?"

"Jirani yetu, mwoka mikate. Mikate yake ya pumba imemrudia mwenyewe, choo hajakiona tangu juma lililopita. Nikamwambia, ndugu yangu, haluli si hii hapa!"

Mizani aliutazama ule mstari wa chupa sakafuni. Palikuwa na pengo.

"Lebo nimeisoma mara tatu," mumewe akaongeza, "usije ukanisema. Nusu anywe leo, nusu kesho."

Mizani alichota makaa ya kusaga akayatia kwenye karatasi, akavuka barabara akiambaa na ukuta. Mahali fulani nyuma ya nyumba risasi zilikuwa zinalia. Hakuinama.

Mwoka mikate alikuwa amekaa juu ya magunia matupu, tumbo mbele.

"Umekunywa?"

"Nimekunywa, shemeji. Chungu hiyo!"

Akamshika mkono, akatafuta mshipa. "Kichefuchefu?"

"Hakuna."

"Unaona vitu vimegeuka manjano?"

"Naona njaa tu."

"Meza haya makaa. Yote."

"Makaa si ya kufunga tumbo? Shemeji, mume ananifungua, mke ananifunga! Kaeni kwanza nyumbani mkubaliane."

"Ile haikuwa haluli," Mizani akasema. "Ni dawa ya moyo. Kama umekunywa nusu, na makaa yasipoivuta, utakufa hapo ulipokaa."

Uso wa mwoka mikate ukapauka kuliko unga aliokuwa akiuza zamani. Akainamisha kichwa.

"Sijanywa."

"Nini?"

"Haluli siiwezi tangu utoto, mama yangu alikuwa ananibana pua. Nilimwonea haya mumeo, amenipa kwa moyo mweupe. Nimemwaga mtaroni."

"Yote?"

"Yote. Na chupa nimeisuuza vizuri, nikurudishie safi."

Mizani aliendelea kumshika mkono. Mshipa ulipiga bila wasiwasi, mzito na mzima. Alijua hapo panapaswa kuja furaha, maana mtu hakufa, na nyuma yake panapaswa kuja kilio. Akasubiri. Hakikuja hata kimoja.

"Vizuri," akasema, akachukua chupa yake, akarudi dukani.

"Hajambo?" mumewe akauliza.

"Hajambo."

"Si unaona! Ningesomea kazi hii, ungekosa wateja."

Akamwacha na fahari yake, akapanda ngazi. Mama yake alikuwa ameegemea mto.

"Umeniletea matone?"

"Yameisha, mama."

"Basi kaa hapa. Leta mkono."

Mizani akakaa.

"Ungelia kidogo, mwanangu."

"Siwezi, mama."

"Haya. Kaa tu."

Mama hakuuona mwisho wa vita. Miguu ilivimba, kisha pumzi ikakatika, kwa mpangilio uleule ambao Mizani aliujua kitabuni. Jeneza lilibebwa mbele na mwoka mikate, na alilia kuliko wenye msiba. Mpaka leo hajui alichokimwaga kilikuwa cha nani. Mume wa Mizani naye hajui.

Siku hizi mbao zimetolewa madirishani na chupa zimerudi juu. Mizani husoma lebo mara tatu, na siku nyingine mara nne. Mwoka mikate hupita kila asubuhi na mkate wa moto, na kabla ya salamu Mizani humshika mkono kutafuta mshipa.

"Bado ninao, shemeji?"

"Unao."

Halafu anaupima mkate kwenye mizani, kwa mazoea tu, na kuuweka kando.