Jina la Mama Ruthu Hewani

Wewe ungefanya nini kama ulimi wako mwenyewe ungemtaja mtu uliyeahidi kumficha?

Zablon alizaliwa Gulwe, kando ya reli. Utotoni alikuwa akiokota magazeti yaliyoachwa na abiria na kuwasomea kwa sauti wachuuzi wa stesheni, nao wakamwita Bwana Taarifa. Jina hilo alilibeba hadi chuoni, kisha hadi redio moja ndogo ya mtaa wa Makole. Aliandika pia kitabu chembamba juu ya visima vilivyozinduliwa kwa ngoma na kukauka kabla ya mwaka kwisha. Kitabu kilimpatia maadui wengi kuliko wasomaji, na hakukijutia hata siku moja. Ila kilichompa ugali kwa miaka kumi na minne kilikuwa kipindi cha salamu: unasoma ujumbe, unamtaja aliyeutuma na anakotoka, unapita kwenye ujumbe mwingine.

Jumanne ile, saa kumi alasiri, alisoma ujumbe wa namna nyingine. Ulitoka kwa mama muuza chakula kwenye mnada wa ng'ombe huko Chemba. Mama huyo alikuwa ameona ng'ombe wa wizi wakichomwa chapa mpya nyuma ya josho la kuogeshea mifugo, alfajiri ya kila siku ya mnada. Aliomba kitu kimoja tu: asitajwe.

Zablon aliusoma kwa hasira ya haki, neno kwa neno. Alipofika mwisho, ulimi ukateleza kwenye njia yake ya miaka yote: "Ni ujumbe wake Mama Ruthu, mnadani Chemba."

Salha, fundi mitambo, akaweka muziki haraka.

"Kaka Zablon, umesikia ulichosema?"

"Nimesema nini?"

"Umemtaja."

Zablon akampigia Ruthu kwenye namba iliyoleta ujumbe, simu haipatikani. Akapiga tena na tena, mpaka Salha akamnyang'anya simu na kuiweka mezani. Hapo hapo ujumbe ukaingia kutoka namba ngeni: "Asante kwa salamu."

Usiku huo hakulala. Mara mbili alisikia pikipiki ikizima mlangoni, na mara mbili ilikuwa ya jirani. Sisi waandishi tunajua kujiogopea. Hata chuoni tulifundishwa. Kumwogopea mtu aliyekuamini hakuna aliyetufundisha.

Kulipopambazuka alipanda basi la kwanza la Kondoa. Alishuka Chemba, akaukuta mnada umeshachangamka, na Ruthu yuko kwenye kibanda kilichoandikwa jina lake. Alikuwa akikoroga chai. Kwenye benchi alikaa Bartolomayo, dalali mwenye lori, na vijana wake wawili.

"Mama maarufu, ongeza sukari," Bartolomayo alisema. "Sisi wengine hata nyumbani hatusalimiwi, wewe unatajwa redioni."

Vijana wakacheka.

"Shikamoo, mama," Zablon akasema.

Ruthu aliitambua sauti ya redioni. Alimtazama kama asiyemjua. "Ugali au wali?"

"Chai tu."

Akaja kummiminia, akainama. "Nilikuomba kitu kimoja," alinong'ona. "Sasa jina langu lipo hata kwenye meno ya huyu. Utalirudishaje?"

Zablon alitaka kusimama na kusema ni yeye mwenye kosa, lakini akainamia kikombe chake.

Wakati huo waliingia mnadani wafugaji kama kumi na wawili waliosikia kipindi, fimbo mkononi. Mbele yao alikuwa Sila, Mgogo aliyeibiwa ng'ombe saba mwezi uliopita. Hawakuuliza habari ya Ruthu, wala hawakumtazama. Walipita moja kwa moja hadi kwenye zizi la Bartolomayo. Sila akaegemeza fimbo ugoni, akaita kwa Kigogo, taratibu, kama anavyoita nyumbani jioni ng'ombe wakirudi.

Ng'ombe mweusi mwenye kovu bichi la chapa pajani akainua kichwa. Akawasukuma wenzake, akaja mpaka kwenye ugo na kumlamba Sila kiganja. Sila akaita tena. Akaja wa pili, kisha wa tatu.

Bartolomayo alisimama, kikombe kikiwa nusu. Alitazama wale wanaume na fimbo zao, akatazama lori lake, kisha akamtazama Ruthu kwa muda mrefu. Akakiweka kikombe chini, akaondoka kwa miguu, vijana wake nyuma.

Ruthu akakiokota, akamwaga chai iliyobaki mavumbini na kuanza kukiosha. Alikiosha mara tatu, akiitazama njia waliyoondokea.