Magauni ya Rangi ya Boga

Mama Pindo alikuwa fundi cherehani, na jina hilo alipewa na wateja kwa sababu hakuwahi kuipita nguo iliyofumuka bila kuishika. Mtu angesimama kumsalimia barabarani, na kabla salamu haijaisha mama wa watu ameshapiga goti na sindano, anamshonea suruali ikiwa mwilini. Dirisha la chumba chake cha kazi lilitazama ukuta wa saluni ulioandikwa kwa rangi nyekundu: JIPENDE KWANZA. Na mtaa ulikuwa umetii. Kila mtu alikuwa kivyake, na geti lake, na muziki wake, na simu aliyoinyoosha mbele ya uso wake mwenyewe kutwa nzima.

Hata kanisani hali ilikuwa hiyo hiyo, ila kwa sauti ya chini. Mama Pindo aliimba sauti ya pili katika kwaya ya akina mama. Walikuwa kumi na wawili na, kama alivyolalamika mwalimu wao, waliimba nyimbo kumi na mbili kwa wakati mmoja.

Makanisa ya mji yakapanga ibada ya pamoja kwenye ukumbi mkubwa. Mchungaji wao akataka kwaya ishone sare. Muumini mmoja mwenye duka akatoa bure majora ya kitambaa yaliyomkalia dukani hadi panya wakayazoea. Rangi yake ilikuwa ya boga lililoiva kupita kiasi.

"Mshono mmoja, fundi," mchungaji akasema. "Asionekane wa juu wala wa chini. Watu watuone tu kitu kimoja."

"Hilo niachie mimi, mchungaji."

Kesho yake akaingia mwenyekiti wa kwaya, akafunga mlango nyuma yake.

"Fundi, mimi ni kiongozi, si ndiyo?"

"Ndiyo, mama."

"Sasa kiongozi akivaa kama kila mtu, watamjuaje? Niwekee mikono ya puto. Kidogo tu. Na usimwambie mtu."

Mama Pindo alikuwa na udhaifu mmoja: neno "hapana" lilimkwama kooni kama pini. Akasema sawa.

Mwenyekiti hajafika mbali, akaja dada wa sauti ya kwanza, yule mwenye sauti nyembamba ambayo mbwa wa mtaa walikuwa wakiiitikia. Alitaka fundo la kipepeo mgongoni, ukubwa wa mto wa kulalia, si zaidi. Wifi yake Mama Pindo akataka marinda ya tabaka tatu, maana undugu una faida gani kama haufiki kwenye marinda? Mmoja mwenye shingo fupi aliomba kola ya kusimama hadi masikioni. Bibi mkongwe wa kwaya alitaka mifuko mirefu ya kutia peremende, miwani na dawa ya kikohozi. Mama mchungaji naye alipitia mlango wa uani, akazungumza mambo ya kiroho kwa kirefu, na wakati wa kuaga akakumbuka, kama bahati tu, kwamba angependa gauni lake liwe na mkia unaoburuzwa chini. Wote walimaliza na maneno yale yale: usimwambie mtu.

Mume wa Mama Pindo, dereva wa lori aliyestaafu, alisikia kila kitu, maana ukuta wa sebule ulikuwa wa mbao.

"Mama watoto, utafanyaje? Mchungaji kasema mshono mmoja."

"Nitawakatalia."

"Kwa mdomo upi?"

Mumewe akanyoosha kidole mezani.

"Na hivyo vifungo vya lulu ni vya nani?"

Akavifunika upesi kwa kiganja. "Vimebaki tu."

"Vimebaki, au ni vyako?"

Vilikuwa vyake. Alikuwa amevichagua hata kabla ya kukata kitambaa, apendeze kidogo kuliko wenzake, na nani angemlaumu fundi? Akaanza kucheka, kwanza kwa aibu, halafu kicheko cha kweli, hadi tepe ya kupimia ikamdondoka shingoni. Papo hapo akaiona njia. Ahadi zote angezitimiza, na mshono ungebaki mmoja. Kitambaa kilikuwepo tele.

Asubuhi ya ibada aligawa mafurushi yaliyofungwa vizuri. Kila mwanamke akajificha pembeni kuvaa, kisha akajitokeza akitabasamu. Tabasamu zikakauka moja baada ya nyingine.

"We dada," mwenyekiti akafoka, "hiyo mikono ya puto umeipata wapi?"

"Na wewe hilo fundo langu umelipata wapi?"

"Mbona mna mkia?" mama mchungaji akauliza kwa unyonge. "Nyote?"

Kila gauni lilikuwa na puto, fundo, marinda, kola, mifuko, mkia, na lulu kifuani. Wakamgeukia fundi kwa mwili mzima, kwani shingo zilikuwa hazigeuki.

"Nimewapa mlichoniomba," Mama Pindo akasema, naye akiwa amevimba kama wao. "Kila mtu nimempa, na cha mwenzake nimemwongezea."

Ni bibi mkongwe peke yake aliyefurahi. Mikono yote miwili ilikuwa mifukoni. "Fundi, humu naweza kuingiza hata mjukuu!"

Muda wa kubadilisha haukuwepo. Kwenye mlango wa ukumbi, mwenyekiti na dada wa sauti ya kwanza walitaka kutangulia wote wawili, wakakwama, puto kwa puto. Wakasukumwa, wakavutwa, hadi bibi akatoa amri: waingie kiubavu, na kila mmoja amshikie wa mbele mkia wake, la sivyo atamkanyaga. Wakaingia hivyo, mlolongo mmoja wa maboga, wakichakarisha ukumbi mzima.

Humo ndani kila kanisa lilikuwa limekaa upande wake chini ya bango lake, hakuna aliyemtazama jirani. Lakini wale kumi na wawili walipokaa walijaza benchi tatu, na waliozikalia wakahamishwa. Wa bango hili wakasukumwa kwa wa bango lile, wa kule wakasogezwa huku, na mzee mmoja wa kanisa, ambaye ilisemekana hajawahi kuonyesha meno hadharani, akajikuta amebanwa katikati ya akina mama asiowajua, akicheka hadi machozi.

Zamu yao ikafika. Walipoinua mikono, puto zikaziba kila kitu. Mwalimu hakuonekana kabisa. Mama Pindo akasikiliza kulia, akasikiliza kushoto, akaimba kwa kumfuata aliye karibu, naye akamfuata yeye. Hakukuwa na namna nyingine. Wimbo ukatoka mmoja. Mwalimu alishusha mikono katikati ya ubeti akabaki ameduwaa, na hakuna aliyejua, kwa sababu hakuna aliyemwona.

Mchungaji alimsubiri fundi mlangoni. "Nilisema mshono mmoja," akaanza, kisha akamtazama mkewe akihangaika na mkia wake, akakohoa, akaondoka.

Wiki iliyofuata wote walikuja kwa Mama Pindo kuyapunguza magauni, kwa maana hata kwenye choo cha kanisa yalikuwa hayaingii. Walikaa sakafuni wakifumua. Mwenyekiti alikuwa akifumua fundo la dada wa sauti ya kwanza, na dada alikuwa akipunguza puto za mwenyekiti, wakigombana kwa raha. Sindano ikamchoma dada kidoleni. Akapiga yowe jembamba, refu, la ajabu.

Mwalimu wa kwaya, aliyekuwa akipita nje, akaingiza kichwa dirishani. "Sauti hiyo hiyo, dada! Shikilia hapo hapo, usishuke!"

Siku hiyo hawakufumua tena hata uzi mmoja. Kila aliyeshika sindano aliiweka chini acheke kwanza.