Maneno Niliyoyaruka Kawangware

Mwanzoni mwa miaka ya tisini nilikuwa mdomo wa mzungu. Msicheke. Yeye alikuwa mchungaji wa Kilutheri, ametumwa kutoka ng'ambo, na mimi mwinjilisti wake, nimepanga chumba Makina. Liturujia aliisoma kwa Kiswahili bila kukwama, lakini mama mboga akimwuliza anataka sukuma ya ngapi, anaduwaa. Kwa hivyo alifundisha kwa Kiingereza, sentensi mbili tatu, ananyamaza, nami natafsiri. Watu waliniita Mwalimu. Nilipenda kuitwa hivyo kuliko ilivyonifaa.

Jumamosi tulikuwa na darasa la ubatizo Kawangware, kwenye chumba cha mabati cha shule ya nasari, watu wazima wamekalia viti vya watoto, magoti yanagusa kidevu. Wengi walikuwa wazazi waliotaka watoto wao wabatizwe, na utaratibu wetu ulikuwa mzazi amalize darasa kwanza. Kati yao alikuwepo mama mmoja muuza mitumba, mtu wa kwetu magharibi, na binti yake wa miezi saba. Hakukosa hata siku moja. Mtoto alishazoea kuivuta tai yangu.

Siku hiyo mchungaji alifundisha ubatizo wa dharura. Alisema mtoto akizidiwa na mchungaji hayupo, Mkristo yeyote, hata mama mwenyewe, achukue maji ammwagie kichwani, ambatize kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu. Huo ni ubatizo kamili, haurudiwi. Akanyamaza, akinisubiri.

Nilifikiri haraka. Hawa wakijua hivyo, nani atakuja darasani tena? Kila mtu atabatizia kwake kwenye karai, halafu sisi tuitwe kula chapati. Ndivyo nilivyowaza, mjinga mimi. Nikasema, "Pastor anasema mtoto akiugua, mtuite mapema." Mchungaji akaitikia kwa kichwa, ameridhika, akaendelea na somo.

Haikupita miezi miwili. Asubuhi moja katikati ya wiki yule mama alibisha kwangu Makina, jasho linamtoka, mtoto mgongoni amefungwa kwa leso. Alikuwa ametoka Kawangware kwa miguu.

"Mwalimu, Pastor ako?" aliuliza. "Mtoto anahara tangu juzi. Kliniki wamesema nimkimbize hospitali kubwa, lakini nimeona nipitie kwenu kwanza abatizwe. Nisije nikampoteza hivi hivi."

Maji yalikuwepo, mtungi mzima nyuma ya mlango wangu. Ningeweza kumbatiza pale pale, mama akashika njia ya hospitali. Lakini ningeanzia wapi? Angeniuliza, kumbe hata wewe unaweza, na tangu lini? Nikaona haya. Nikamwambia twende, tukakimbia mpaka Ayany alikokaa mchungaji.

Mchungaji alileta bakuli la maji na kitabu chake. Mama akafungua leso, akamshusha mtoto. Alikuwa amekwisha kufa.

"Mbatize tu, Pastor," mama akasema. "Bado ako na joto."

Mchungaji alipiga magoti mbele yake. Alisema aliyekufa habatizwi, lakini Mungu hafungwi na maji, na mtoto huyu yuko mikononi mwake. Hayo niliyatafsiri yote. Kisha akanigeukia, akaniuliza. Kwa nini hakumbatiza mwenyewe nyumbani, akaenda hospitali moja kwa moja? Si tulifundisha?

"Watu husahau, Pastor," nikamjibu kwa Kiingereza chake.

Mama akataka kujua amesema nini. Nikamwambia, "Anasema pole sana."

Baadaye mama alikuja kuambiwa na shemeji yake, aliyesali katika usharika mwingine, kwamba hata yeye angeweza kumbatiza mwanawe. Maneno yakatembea Kawangware: yule mzungu alijua, akatuficha. Darasa likapungua mpaka tukabaki na watu watatu. Mchungaji aliponiuliza kulikoni, nilimwambia ni mvua. Mwishowe mzee mmoja wa kanisa akamweleza wazi, kwa Kiingereza, wanachosema watu. Mchungaji hakukasirika, na laiti angekasirika, akanishika shati, akaniuliza vizuri. Aliamini tu kwamba alifundisha vibaya. Alikonda. Akaandika barua kwao akiomba arudishwe nyumbani.

Wiki ya kuondoka aliniomba nimpeleke kwa yule mama. Chumba chake kilikuwa kidogo, tukaketishwa kitandani, akatuwekea chai. Mchungaji alisema amekuja kuomba msamaha, kwa kuwa alikuwa na neno ambalo lingemsaidia, na hakulifikisha. Nilitafsiri neno kwa neno, sikupunguza kitu. Nilingoja nijisikie nikisema, ni mimi. Sikusema.

Mama alilia, kisha akamshika mchungaji mkono. "Nimekusamehe, Pastor. Enda salama." Akanigeukia mimi. "Na wewe Mwalimu, Mungu akubariki. Wewe ndiye ulikimbia na mimi siku ile."

Mchungaji aliniangalia, akisubiri.

"Amekusamehe," nikasema.

"Na hayo mengine?"

"Ananishukuru mimi."

Akaniwekea mkono begani, akasema mama amesema kweli, hata yeye hajui angefanyaje kazi bila mimi. Tukanywa chai. Halafu wakaniomba nifunge kwa sala, wote wawili wakainamisha vichwa, nami nikaomba.