Gitaa Lenye Joya

Stambuli Abdulghani alikuwa na umri wa miaka thelathini na minne, na kazi alizokwisha kuziacha ni nyingi kuliko zile ambazo watu wengi wanazijua hata kwa majina. Aliacha ushonaji kwa sababu ya kukaa, akaacha utingo wa lori kwa sababu ya kusimama. Misimu miwili alikuwa mnunuzi wa nazi wa tajiri mmoja wa Mambrui. Alizunguka mashamba akigonga nazi moja moja kwa kifundo cha kidole, sikio limeinama, akizitenga: hii nzima, hii koroma, bado haijakomaa, hii ina joya, yaani ndani imejaa kitu kama sponji na tui hutalipata. Kazi hiyo aliiweza sana. Kwa hiyo nayo akaiacha.

Kitu ambacho hakupata kukiacha ni gitaa, pengine kwa sababu hakupata kuwa nalo. Miaka yote alipiga la kuazima. Mwenye gitaa alikuwa karani wa bandari, na mwezi wa Desemba 1985 karani akaoa, mke akasema hataki kitu chenye waya ndani ya nyumba yake mbali na taa. Gitaa likauzwa Mombasa. Likaenda wiki ile ile ambayo Stambuli alilihitaji kuliko wakati mwingine wowote.

Hoteli moja ya upande wa Casuarina ilikuwa inatafuta bendi. Meneja wake alikuwa Bwana Gerishom, mtu wa Vihiga, aliyesomea mambo ya hoteli na aliyeamini kwamba sikio la mgeni linatawaliwa na tumbo lake.

"Saa ya chakula nataka jazi," alimwambia Stambuli. "Iwe laini, mtu asikie kijiko chake mwenyewe. Wakimaliza kahawa, roki. Watoe jasho, wanunue bia. Bendi moja, mpiga gitaa mmoja, gitaa moja. Jukwaa langu ni dogo, sitaki duka la vyombo pale juu. Jumamosi alasiri njooni niwasikie."

Atakayefaulu angepata kazi ya mwaka mzima. Asiyefaulu, ikiwa ni Stambuli, angekwenda Kilifi kwa mjomba wake mwenye duka la saruji. Mjomba alikwisha kumtengea kiti nyuma ya kaunta. Stambuli alikwenda kukitazama. Kilikuwa na mto. Alirudi Malindi jioni ile ile bila kunywa chai aliyotiliwa.

Uwezo wake ulikuwa baiskeli moja, nayo alikwisha kuiuza. Kwa uwezo huo, magitaa ya umeme yaliyokuwa yakiuzwa baina ya Kilifi na Malindi yalikuwa matatu, na akayazungukia yote pamoja na Dzombo, mpiga ngoma wa bendi, mtu wa Adu, ambaye alimwita mulamu, yaani shemeji, ingawa hakuna aliyeoa kwa mwenzake.

La kwanza lilikuwa kwa fundi wa injini karibu na kivuko cha Kilifi. Lilikuwa ubao mtupu, zito kama mlango. Kwa roki lilikata kama msumeno. Stambuli alipojaribu kitu cha taratibu, kila sauti ilianguka ikafa hapo hapo, kama msumari uliodondoka juu ya bati.

"Hilo meneja atalisikia kuliko kijiko," alisema Dzombo.

La pili lilikuwa la Mtaliano aliyeuza aiskrimu na sasa anarudi kwao. Hilo lilikuwa na tumbo kubwa, wazi ndani kuanzia ubavu hata ubavu. Sauti yake ilikuwa tamu, nzito, ya kumfanya mtu akumbuke jambo ambalo halikupata kumtokea. Stambuli alilipenda. Mtaliano alikwisha kufunga spika zake kwenye kreti, kwa hiyo walilisikiliza lilivyo, bila umeme.

La tatu lilikuwa Shella, nyumbani kwa Bi Zuleikha.

Mumewe, marehemu Badawi, alikuwa baharia, akalinunua gitaa hilo katika bandari moja ya Ujapani. Alifariki mwezi uliopita. Mjane alikuwa ndani, katika eda, hatoki wala haonani na wanaume wasio jamaa zake. Mazungumzo yalifanyika yeye akiwa nyuma ya pazia, na nduguye mdogo, Abdulhalim, akakaa sebuleni na wageni, gitaa amelipakata kama mtoto wa mtu mwingine.

"Shikamoo, Bi Zuleikha. Poleni sana na msiba."

"Marahaba. Tumeshapoa. Abdulhalim, mpe alitazame."

Lilikuwa jekundu la ukwaju mbivu, jembamba kuliko la Mtaliano, na usoni lina matundu mawili marefu yaliyopinda. Stambuli aliinua shingo yake, akafumba jicho moja, akaitazama kwa urefu wake: imenyooka. Vigingi vya kukazia nyuzi havikuwa na kutu. Akaweka kidole juu ya nyuzi.

"La," ilisema sauti ya nyuma ya pazia. "Halipigwi humu. Nyumba ina eda."

"Naweza kulichukua nikalijaribu kwa Dzombo?"

"Halitoki mpaka liuzwe."

Basi mtu afanye nini? Stambuli alifanya alilolijua. Aliinamisha sikio, akakunja kidole, akaligonga. Ubavu wa kulia: wazi. Ubavu wa kushoto: wazi. Katikati, chini ya nyuzi: *du*. Akagonga tena. *Du*. Uso wa mnunuzi wa nazi ukamrudia.

"Hili lina joya," alisema.

"Lina nini?"

"Lilivunjika katikati, Bi Zuleikha, likajazwa gogo ndani. Pembeni wazi, katikati limezibwa. Mtu alimuuzia marehemu kitu kilichotiwa kiraka."

Abdulhalim alikohoa. Pazia halikutikisika.

"Bwana huyo," ilisema sauti, "ni mpiga gitaa au ni mpakuzi wa shehena?"

"Ni mpiga gitaa," alisema Abdulhalim, kwa sauti ya mtu asiye na hakika.

"Basi mwambie marehemu alizunguka bandari za dunia nzima na hakupata kuuziwa kiraka. Na mlango ni ule ule alioingilia."

Stambuli akalinunua la Mtaliano siku ile ile. Alikuwa na haraka, na haraka kwake ilikuwa kama imani.

Alhamisi walilichomeka kwenye spika nyumbani kwa Dzombo, Maweni. Jazi ilitoka vizuri mno, mpaka Kahonzi, mke wa Dzombo, akaacha kukuna nazi. Kisha Stambuli akaongeza sauti kwa ajili ya roki. Kabla hajagusa uzi, gitaa lilianza lenyewe. Lilivuma, likapanda, likalia kama mbuzi aliyekanyagwa, na kadiri alivyolizuia ndivyo lilivyolia. Sauti ilitoka kwenye spika, ikaingia tumboni mwa gitaa, ikalitikisa, ikarudi tena kwenye spika, na kila safari imenenepa. Kuku wa jirani walihama.

"Mulamu," alisema Dzombo baada ya kuchomoa waya, "umenunua gitaa linalojipiga. Sasa wewe tutakupa kazi gani?"

Walijaribu kulikalisha mbali na spika. Walijaribu kuligeuza mgongo. Mwishoni Stambuli aliiona kanga kwenye kamba, akaichukua, akaanza kuisokomeza kwa penseli kupitia matundu ya gitaa.

"Kanga yangu!" alipiga kelele Kahonzi. "Wanaume wazima, mnalivisha gitaa nguo! Na kesho mtalitia wanja?"

Kanga iliingia nusu. Mlio ukapungua nusu. Stambuli aliisukuma mpaka katikati, chini ya nyuzi, ikashindiliwa pale, na kilio kikanyamaza karibu chote, pamoja na utamu wote. Alikaa na penseli mkononi. Kisha akaligonga gitaa pale katikati. *Du*.

Akagonga ubavu wa kulia, kisha wa kushoto: wazi.

"Lile gogo," alisema hatimaye. "Halikuwa kiraka. Walilitia makusudi. Pembeni wazi, lipate utamu. Katikati limejaa, lisilie. Dzombo, lile ni magitaa mawili katika moja, na mimi nimemwambia mjane mumewe alidanganywa."

"Na mimi nilikuwepo," alisema Dzombo. "Ulisema vizuri. Ulisema kama mtu anayejua."

Ijumaa baada ya sala alikuwa sebuleni kwa Bi Zuleikha, mbele ya Abdulhalim, amekaa kwenye ncha ya kiti. Aliomba radhi kwa pazia. Kuomba radhi kwa pazia ni kazi ngumu, kwa maana pazia halina uso wa kukuonyesha umefika wapi. Akaeleza kuhusu kanga, gogo, mlio. Akaeleza kuhusu Jumamosi.

"Wamekuja wengi," alisema Bi Zuleikha mwishowe. "Wote wanauliza litapungua kiasi gani. Wewe peke yako ndiye uliyeligonga mbavu kama muuza nazi."

"Nilikuwa mnunuzi, Bi Zuleikha. Si muuzaji."

Abdulhalim alikohoa tena.

"Sitaliuza kwa mtu ambaye sijamsikia. Badawi alikuwa akinipigia kila aliporudi safari. Nikitoka eda, njoo ulipige mbele yangu. Nikiridhika utalichukua kwa uwezo wako, na mwingine hataliona kabla yako."

"Lakini kazi ni kesho! Mwisho ni kesho."

"Mwisho wa nani?" liliuliza pazia. "Mimi wangu una tarehe yake, na nimeukalia."

Jumamosi alasiri, kando ya bwawa la kuogelea, Stambuli alipiga na gitaa la Mtaliano. Jazi aliipiga bila kanga, na Bwana Gerishom akafumba macho. Kwa roki ikabidi asokomeze kanga mbele ya meneja, na roki ikatoka kama mtu anayepiga kelele ndani ya godoro.

Bwana Gerishom alifumbua macho. "Nitawachukua kwa saa ya chakula tu," alisema. "Baada ya kahawa nitaweka kaseti. Kaseti hazivai nguo. Nikipata bendi ya kunipa yote mawili, nyinyi mtatoka."

Nusu ya kazi, na hata hiyo nusu ya kushikiliwa kwa kidole kimoja. Stambuli aliichukua. Msimu wote alisimama kando ya mtungi wa mpopoo akiwapigia wageni waliochomwa na jua, na kila kahawa ilipoletwa alitakiwa ashuke. Hakuweza kukaa. Baina ya supu na samaki alikuwa akitoka nje kuzunguka jikoni, akirudi na jibu la swali ambalo hakuna aliyemwuliza. Alihama chumba mara tatu katika nyumba moja. Alipita Shella bila sababu, akapunguza mwendo mbele ya mlango ule, akauongeza tena.

Mwezi wa Februari bendi moja ya Mombasa ilimwita. Mpiga gitaa wao alikuwa amekwenda Dubai, gitaa wanalo, zuri, na jukwaa wanalo. Stambuli alifunga begi lake, akaenda stendi. Baada ya saa moja alirudi kwa Dzombo na begi.

"Imekuwaje?"

"Basi lilijaa."

Dzombo alikuwa ametoka stendi wakati huo huo, na basi liliondoka likiwa na viti vitupu mpaka nyuma. Alimsaidia kufungua begi.

Eda ya Bi Zuleikha iliisha mwishoni mwa Machi. Stambuli aliacha siku chache zipite kwa heshima, na hakuna aliyejua alivyoweza kuzivumilia. Alipofika, alichoweka msimu mzima kikiwa mfukoni, alimkuta uani, mwanamke wa makamo katika buibui, uso wazi, mfupi kuliko sauti yake. Abdulhalim alikuwa ameazima spika.

"Haya," alisema Bi Zuleikha. "Usigonge."

Alipiga kitu cha taratibu, swichi ya sauti ya gitaa ikiwa upande wa shingo, pale penye sauti ya mviringo. Lilikuwa na utamu wa lile kubwa, ila utamu wenye uti wa mgongo. Bi Zuleikha alikuwa akitazama mdomo wa kisima. Wimbo ukaisha. Jirani alichota maji, akaenda zake.

"Na lile la makelele?"

Stambuli aligeuza swichi, akafungua sauti yote, akasubiri kilio. Hakikuja. Akapiga. Mbwa wa mtaa walijibu, Abdulhalim akashika spika isianguke, na gitaa likafanya lililoambiwa, hakuna zaidi.

"La kwanza Badawi alikuwa akilipiga vizuri kuliko wewe," alisema Bi Zuleikha. "La pili alikuwa hajui, akijitia anajua. Lichukue."

Mvua za masika zilikwisha kuanza. Hoteli ilifunga nusu ya vyumba, na katika ukumbi wa chakula walikuwa wamebaki Waswisi wawili wazee na mfanyabiashara wa Nairobi aliyekwamishwa na barabara. Kahawa ilipoletwa, mhudumu akanyoosha mkono kwenye kaseti. Stambuli hakushuka. Alimtazama Dzombo, akageuza swichi, wakaanza.

Wapishi walitoka jikoni na miko yao. Mswisi wa kike akavua viatu. Bwana Gerishom alikuja kutoka ofisini kwa hatua za mtu aliyekuja kuzima kitu, akasimama mlangoni, mikono ameikunja. Alisikiliza wimbo mmoja mpaka mwisho, kisha wa pili. Aliangalia nyuma ya jukwaa, kama mtu anayetafuta gitaa jingine lililofichwa.

"Ni hilo hilo?"

"Ni hili hili, Bwana Gerishom."

"Bila kanga?"

"Mwenyewe aliidai."

Meneja alitikisa kichwa polepole. "Kaseti nitampa mwanangu," alisema. "Kuanzia leo chakula na jasho, yote yenu, mvua na kiangazi. Lakini sasa punguzeni, kuna mtu ameagiza samaki."

Ni kweli, mfanyabiashara wa Nairobi alikuwa ameona njaa upya. Stambuli alirudisha swichi upande wa shingo na kupiga kwa ulaini, amesimama palepale, mpaka yule mtu alipomaliza samaki wake wote, pamoja na kichwa.