Taa za Zenoni za Gari la Marehemu

Mume wangu alikuwa mtu wa kuchelewa, na hata taa za gari lake zilichelewa. Wenzake wakiwasha, barabara yote inang'aa papo hapo. Yeye akiwasha, kwanza hutoka mwanga hafifu wa zambarau, halafu ndio unakua taratibu mpaka kuwa mweupe. Gari lenyewe lilikuja kutoka Japani likiwa limeshatumika, na taa zake za mbele zilikuwa za zenoni.

Nyumba yetu iko Matsangoni, mwisho wa njia ya mchanga inayotoka barabara kuu. Kazi yake ilikuwa kubeba abiria kati ya Watamu na Malindi, na jioni alikata kona pale dukani na kuwasha taa, maana minazi ya njia yetu huleta giza kabla ya wakati wake. Mimi huwa barazani nakuna nazi. Nikiiona zambarau kwenye kona, najua ni yeye. Akifika uani kwa jirani, mwanga umeshakuwa mweupe, nami nimeshainuka kwenda kuteleka chai.

Nilimcheka sana kwa taa zile. "Wenzako wana taa, wewe una kitu kinachofikiri kwanza kama kiwake au kisiwake."

"Polepole ndio mwendo, mke wangu."

Ijumaa moja alizifungua, akaniita nione. Alishika globu kwa kitambaa safi. Mkono wenye mafuta ukigusa kioo kile, alisema, pale palipoguswa hupata joto kupita kiasi, globu ikafa kabla ya siku zake. Na mimi mikono yangu siku zote ina mafuta ya nazi. "Wewe tazama kwa macho tu," aliniambia, akaificha nyuma ya mgongo kama mtu anayemficha paka kitoweo.

Nilitazama. Ndani hamkuwa na waya. Taa ya halojeni ina waya mwembamba unaopata moto hadi kung'aa, kwa hivyo mwanga wake una umanjano, na waya ukikatika, kwisha. Ya zenoni ina ncha mbili za chuma zinazoelekeana bila kugusana, na katikati yake gesi ya zenoni. Kuna kijisanduku wanachokiita balasta, ambacho huukuza umeme wa betri mara nyingi sana ili cheche iweze kuruka kutoka ncha moja hadi ya pili. Gesi huitika kwanza, ndiyo ile zambarau. Kisha joto hugeuza chumvichumvi zilizomo ndani kuwa mvuke, na hapo ndipo mwanga hukamilika. Aliniambia gesi hiyo imo katika hewa hii tunayovuta, ila ni chache mno, na haipendi kuchanganyika na wenzake. Nikamwambia basi ni ndugu yake, maana yeye harusini hukaa nje na madereva.

Alifariki asubuhi moja, moyo, hata hospitali hatukufika. Sijui namna nzuri ya kuliandika jambo hilo, na sitaki kuitafuta.

Nikakaa eda. Gari lilibaki uani, na shemeji yangu, mdogo wake, akawa anakuja kila baada ya sala ya magharibi kuliwasha ili betri isilale. Ndani haingii, kama ilivyo adabu. Nilisikia injini, kisha ukuta wa chumba changu ukapata zambarau, ukawa mweupe. Baada ya kitambo kidogo akazima. Akawasha tena. Siku ya kwanza nililia hadi wakwe zangu wakaingiwa na hofu. Siku zilizofuata nikawa naingojea magharibi. Nadhani naye alijua, kwa sababu betri haihitaji taa ziwashwe na kuzimwa, tena na tena, kila jioni.

Eda ilipokwisha nikaanza kuliendesha mwenyewe kwenda kazini kwangu Malindi. Marehemu alinifundisha zamani, kwa makelele mengi. Lakini anayekaa nyuma ya usukani hazioni taa zake, huona tu kile zinachokimulika. Tangu hapo sikuliona tena gari lile likija.

Kisha taa ya kulia ikaanza kugeuka rangi ya waridi na kufifia. Jioni moja karibu na Gede nilimkosakosa mbuzi, nikaenda mwendo wa kinyonga hadi nyumbani. Nikalipeleka kwa fundi mmoja Malindi, kijana wa bara, mpole, Kiswahili chake chakata kona kwa magurudumu mawili.

"Hii imezeeka, mama. Haikufa kwa kutumika, imekufa kwa kuwashwa. Kila ukiwasha, ile cheche ya kwanza inakula ncha. Nani alikuwa anawasha-washa hivi?"

Ningemwambia nini, kwamba ni mtu mwema?

Akasema ya kushoto nayo iko njiani, kwa hiyo zitolewe zote mbili, kwani mpya na kuukuu hazitalingana rangi. Za zenoni za saizi ile hakuwa nazo, na balasta nayo ilikuwa imechoka. Angeweka za LED: vijipande vidogo visivyo na waya wala gesi, vinakula umeme kidogo, vinadumu.

"Zinawaka vipi?" nikamuuliza.

"Mara moja, mama. Pap!"

Alidhani ananifurahisha. Nikamwambia nitamletea gari kesho.

Jioni ile nilimwita shemeji nikampa ufunguo. Nikamwomba alipeleke hadi barabara kuu, ageuze, akate kona bila taa, awashe pale dukani. Hakuuliza kwa nini. Nikasimama barazani, nimejiapiza kwamba nitatazama tu, basi.

Zambarau ikatokea kwenye kona. Ikaja, ikikua. Kwa jirani taa ya kushoto ikawa nyeupe, ya kulia ikabaki waridi. Moyo ulinienda mbio kama wa msichana. Gari likaingia uani, likazimwa, na nikajisikia nikisema kwa sauti kubwa ya furaha, "Leo umewahi!"

Mlango wa gari haukufunguka upesi.

"Ni mimi, shemeji," akasema.